Visu vitano vya kukunja vilivyoingia sandukuni: Soldier 1961, Case 6318, Opinel, Okapi na Laguiole

Tanga_Makali

Wakuu, salaam. Sanduku limeongezeka visu vitano, vyote vya kukunja, vyote vya mtumba. Kabla sijagusa chochote naomba macho yenu.

Cha kwanza ni Victorinox ya jeshi la Uswisi, ile ya mpini wa alumini wenye vidoti vya kushikia, rangi ya fedha. Kikifungwa ni milimita 93. Kina bapa, kifungua kopo, kifungua chupa na msumari wa kutobolea. Shingoni mwa bapa, pale linapoingia mpinini, pamegongwa 65. Hakina pete ya funguo. Kifungua kopo ni kigumu kutoka, na kikitoka kinasaga kama kina mchanga ndani.

Cha pili ni Case ya mabapa matatu, mpini wa kahawia uliochongwa-chongwa. Mbele kuna CASE XX, Made in U.S.A. na nukta saba, nyuma kuna 6318. Bamba za shaba za ndani zina uchafu wa kijani mzito kama nta, na bapa kubwa lina madoa mekundu karibu kabisa na maandishi.

Cha tatu ni Opinel namba 8, chuma cha kaboni. Mbao imevimba, bapa linatoka kwa kulazimisha. Pete inabana bapa likiwa wazi. Likiwa limefungwa pete haizuii kitu.

Cha nne ni Okapi yenye pete ya kuvuta mgongoni, mbao yenye mwezi na nyota, bapa limegongwa GERMANY. Bapa linacheza kushoto na kulia, na kufuli linateleza nikisukuma mgongo wa bapa kidogo tu.

Cha tano ni Laguiole. Nyuki juu ya springi, neno LAGUIOLE kubwa ubavuni mwa bapa, jina la mtengenezaji hakuna popote. Mpini ni pembe, au kitu kinachojifanya pembe.

Nataka kujua umri wa kila kimoja, kutu niitoe vipi, na huku pwani ambako hewa ya chumvi inakula hata bawaba za milango nivihifadhi namna gani.

Nukta_Kumi

Mkuu, hongera. Naanza na Case maana ndicho kinachosomeka wazi kuliko vyote. Kiwanda hicho cha Bradford, Pennsylvania, kiligonga CASE XX peke yake kuanzia 1940 hadi 1964, kikaongeza U.S.A. kuanzia 1965 hadi 1969, na 1970 ukaanza utaratibu wa nukta: kumi mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka inaondolewa moja. Kumi ni 1970, tisa 1971, nane 1972. Saba ni 1973.

Ila kuna mtego. Mwaka 1980 walirudia nukta kumi upya. Kinachotenganisha miaka hiyo ni herufi S: ya miaka ya 1970 ni S ya kawaida ya mviringo, ya miaka ya 1980 imevunjika kona kama mchoro wa radi. Nukta saba na S ya radi ni 1983, kisu tofauti na bei tofauti. Hesabu kwa lenzi ya mara 10, taa ikimulika kutoka ubavuni, kwa sababu kisu kilichowahi kupitishwa kwenye gurudumu la polishi hupoteza nukta moja au mbili na kuonekana kipya kuliko kilivyo. Ukiona herufi zina kingo za mviringo kama zimeyeyuka, jua gurudumu limepita hapo.

Hiyo 6318 isome vipande vitatu. 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa, 3 ni idadi ya mabapa, 18 ni umbo, lile Wamarekani wanaloliita stockman, kama sentimita 9.2 kikifungwa. Tatizo ni kwamba enzi hizo tarakimu 6 iliwekwa pia kwenye baadhi ya visu vya delrini, plastiki ya kuiga mfupa. Mfupa ukiutazama kwa lenzi una vitundu na vijistari vyeusi. Delrini ni sare mwanzo mpaka mwisho. Ukiambiwa na mtu uchome sindano ya moto kujaribu, usimsikilize. Utabaki na tundu kwenye kisu cha 1973.

Victorinox yako ni Soldier, modeli ya 1961, na 65 ndio mwaka wenyewe. Kukosa pete kunathibitisha ni ya jeshi: toleo la raia, Pioneer, lina pete na halina tarakimu za mwaka. Ya miaka ya mwanzo kabisa ilikuwa na alumini nyekundu, na hizo ndizo zinazopiganiwa. Yako ya rangi ya fedha ni ya kawaida, jeshi liliendelea na modeli hiyo mpaka 2008, lakini ya 1965 ikiwa na bapa lililojaa, yaani halijaliwa na kunolewa, bado ni kitu kizuri. Soma pia jina shingoni, maana tangu 1908 oda ya jeshi iligawanywa kati ya Victorinox na Wenger, na wengine wanakusanya jozi za mwaka mmoja, moja ya kila kiwanda.

Opinel imejieleza yenyewe. Pete ile ilibuniwa 1955. Hadi 2000 ilifunga bapa likiwa wazi tu. Kuanzia hapo inafunga pande zote mbili. Chako kiko katikati. Kukikaribia zaidi ya hapo kwa maelezo haya haiwezekani, weka picha ya mhuri wa mkono wenye taji.

Okapi nawaachia wengine. Laguiole: hilo ni jina la kijiji cha Ufaransa, na kwa miaka mingi jina hilo liligongwa na yeyote aliyetaka, kuanzia mafundi wa Thiers, mji wa visu wa Ufaransa, mpaka viwanda vya Pakistani na China. Kwa hiyo neno LAGUIOLE bila jina la fundi halikuambii chochote. Tazama nyuki. Kwenye kazi nzuri nyuki na springi ni chuma kimoja kilichofuliwa pamoja. Kwenye ya bei rahisi utaona mstari wa kulehemu chini ya nyuki.

Shoka_la_Bara

Kutu isikusumbue kichwa mkuu. Loweka vyote kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua kwa stiliwuli ya jikoni, paka mafuta ya kupikia. Vitang'aa kama vipya.

Bin_Tupa

Tanga_Makali, kabla hujachukua chupa ya siki nisikilize. Shoka, usiudhike, siki inafanya kazi kwenye panga na jembe, ila hapa itaharibu visu vitatu kati ya vitano.

Mfupa ni madini ya kalsiamu kwa sehemu kubwa, na siki huyayeyusha. Mpini wa Case ukilala ndani ya siki utatoka mweupe, wenye unga, na pini zitalegea. Pili, siki haibagui. Ikimaliza kutu inaanza chuma kizima, na kinachoondoka kwanza ni kingo za maandishi, yaani zile nukta saba. Mbao ya Opinel nayo imevimba tayari, unataka kuiongezea maji. Stiliwuli ya jikoni ni nene mno, inaacha mikwaruzo ambayo mnunuzi anaiona akiwa hatua tatu mbali.

Kwa Case fanya hivi. Weka matone mawili ya mafuta ya cherehani juu ya madoa mekundu, acha saa 24. Chukua kipande cha shaba chenye ukingo mnyoofu, hata ufunguo wa zamani wa shaba unafaa, ukiwa umesuguliwa kingo zisiwe na jino. Kwangua kwa kulaza, si kwa kusimamisha. Shaba ni laini kuliko chuma cha bapa, kwa hiyo inabeba kutu iliyolegea na kuacha chuma. Futa, ongeza mafuta, rudia. Ikibaki kutu ya ukaidi tumia stiliwuli laini ya namba 0000, ile ya mafundi wa fenicha, pamoja na mafuta, ukifuata mistari ya kiwandani ya bapa. Usivuke kwenye maandishi. Pale maandishi yalipo tumia kijiti cha mti kilichochongwa ncha na mafuta tu, hata kama doa litabaki kidogo.

Utando wa kijivu au wa bluu-bluu uliotulia juu ya bapa si kutu. Huo uache. Ndio unaokinga chuma cha kaboni na ndio unaoonyesha kisu hakijachezewa. Kutu ni nyekundu au ya machungwa na ukiigusa kwa karatasi nyeupe inaacha alama.

Ule ukijani wa ndani ni shaba ikijibizana na mafuta ya zamani na jasho, na mara nyingi kisu kama hicho kimekaa kwenye ala ya ngozi. Utoe kwa kijiti cha meno cha mti kilicholowanishwa mafuta, kisha kitambaa cha pamba kilichokunjwa kwenye ncha ya kijiti. Usiache vipande vidondoke kwenye eneo la springi, huko ndiko vinageuka mchanga wa kusaga.

Victorinox ndiyo rahisi kuliko zote. Bapa lake halishiki kutu kirahisi, kinachosaga ni vumbi na mafuta yaliyoganda. Maji ya moto ya kuvumilika mkononi, tone la sabuni ya vyombo, fungua na kufunga kifungua kopo mara ishirini thelathini ukiwa umekizamisha. Suuza, kausha kabisa, halafu tone moja la mafuta kwenye kila ekseli. Magadi usiyaguse, wala dawa za kusafishia sinki: magadi yanakula alumini na yatauacha mpini na mabaka meupe yasiyotoka.

Na mafuta ya kupikia, Shoka, hayaendi kwenye kiungo. Yakikutana na hewa yanaganda taratibu mpaka yanakuwa gundi. Ya nazi nayo kwenye ubaridi yanakuwa mgando. Tumia ya cherehani kwenye kiungo. Kwenye bapa la kukatia chakula tumia parafini nyeupe ya majimaji, ile ya duka la dawa ya kulainisha choo. Haiozi, haigandi, bei yake ni ya chini.

Shoka_la_Bara

Nimekuelewa ndugu. Hiyo ya mfupa sikuijua. Na Okapi je, nayo nisiitie siki?

Bin_Tupa

Okapi itie ukitaka, ila si kuilowesha. Chuma chake ni cha kaboni cha kawaida na wengi huipaka siki kwa makusudi ili bapa liwe jeusi sawasawa. Ioshe mafuta kwa sabuni, paka siki kwa kitambaa, subiri dakika 20, suuza, kausha, paka mafuta. Lakini hiyo ya Tanga ina mhuri wa Germany, mimi nisingeigusa.

Pete_na_Meno

Niingie kwenye Okapi, maana watu huidharau kwa kuwa wameiona kwenye kila kibanda kusini mwa Afrika. Ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na eneo lililokuja kuitwa Tanganyika lilikuwa sehemu ya koloni mojawapo. Jina ni la mnyama wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua 1901, mwaka mmoja tu kabla, kwa hiyo lilikuwa jina la kisasa kweli kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi ilihamia Afrika Kusini na huko ndiko iliko mpaka leo. Mhuri wa GERMANY unakiweka kisu chako kabla ya kuhama. Kwa mkusanyaji wa Afrika Mashariki hiki ndicho kisu chenye historia ya kwetu kuliko vyote vitano, na ukisema ukiuze ili ununue Laguiole nyingine nitasikitika.

Sasa ugonjwa wake. Una mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

Kucheza kushoto-kulia ni ribiti iliyolegea. Laza ekseli juu ya chuma kigumu, kichwa kimoja kikae kwenye fuawe, gonga kichwa cha juu kwa nyundo ndogo ya mviringo ya gramu 100 hadi 200. Gonga kidogo kuzunguka ukingo wa kichwa, si katikati, na ufungue bapa kila baada ya mapigo matatu manne. Ikizidi, bapa linakuwa zito na kulegeza tena ni kazi kubwa. Kipande cha karatasi ya daftari kati ya bapa na bamba wakati wa kugonga kinaacha nafasi ya kutosha, ukimaliza kitoe.

Kuteleza kwa kufuli ni jambo jingine. Springi ya mgongoni inashika meno yaliyo shingoni mwa bapa, na zile sauti za kakaka unapofungua ni springi ikiruka jino kwa jino. Inateleza kwa sababu tatu. Ya kwanza na ya kawaida ni uchafu mgumu uliojaa kwenye mabonde ya meno, springi haizami hadi chini. Kwangua kwa sindano, osha kwa mafuta ya taa, jaribu tena. Ya pili ni ribiti hiyo hiyo iliyolegea inayofanya bapa lipande juu, kwa hiyo kaza ribiti kwanza kabla hujailaumu springi. Ya tatu ni meno yaliyokwisha kuwa mviringo. Hapo simama. Mafundi wengi huchukua tupa ya pembetatu na kuchimba mabonde zaidi, na kisu kinashika vizuri kwa muda halafu kinakuwa kibaya kuliko mwanzo, kwa sababu kila msuguo umepunguza uso wa chuma unaobeba nguvu. Kisu cha mkusanyo chenye meno yaliyokwisha kiache hivyo, ukijua ni cha kuangalia.

Kujaribu kufuli: bonyeza mgongo wa bapa juu ya ubao polepole, vidole vikiwa nyuma ya njia ya bapa. Ile tabia ya kupiga mgongo wa bapa mezani kwa nguvu inaua meno mazima.

Tanga_Makali

Asanteni sana. Uchafu ulikuwa umejaa kwenye meno kweli, na baada ya mafuta ya taa kinashika mpaka jino la mwisho. Ribiti sijaigusa bado. Swali la Opinel halijajibiwa, na la kuhifadhi.

Nukta_Kumi

Opinel: kwanza litoe bapa bila kuvunja kucha. Shika kisu kikiwa kimefungwa, gonga kitako cha mpini juu ya meza ya mbao, bapa linaruka kidogo na unalishika. Ndivyo wenyewe wa Savoie, huko Ufaransa Opinel inakotoka, wanavyofanya. Kikishatoka, kiache wazi kivulini penye upepo siku tatu nne, pete ikiwa imefunguliwa. Usikianike juani wala usikiweke karibu na jiko, mbao itapasuka kwenye mdomo wa mfereji, na hapo ndipo penye kazi.

Kikibaki kigumu baada ya kukauka, toa pete ya nje kwa koleo ya saklipi, ile ya kupanulia pete za chuma, taratibu, ukiipanua kidogo tu iwezavyo kupita. Ikipanuliwa sana haibani tena. Kunja msasa namba 120, upitishe kwenye mfereji upande wa shingo, mara chache kila upande, kisha jaribu. Malizia na namba 240. Halafu jaza mbao mafuta ya kitani ya kuchemshwa, acha yakauke siku kadhaa, na juu yake nta ya nyuki. Vitambaa vya mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke, usivifinyange na kuvitupa kapuni, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Bin_Tupa

Kuhifadhi huku pwani. Ala za ngozi ziondoe zote. Ngozi inashika unyevu na ina chumvi na asidi za kiwandani. Ndiyo iliyoleta ule ukijani. Kila kisu kifungwe kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kulainishiwa, bapa likiwa na utando mwembamba wa mafuta, usioonekana ila kidole kinauhisi. Sanduku la plastiki lenye mpira wa kufungia, si la mbao. Ndani weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na haigromita ndogo, yaani kipima unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ukishuka chini sana mfupa na mbao vinasinyaa na kupasuka kwenye pini, kwa hiyo usidhani kavu zaidi ndiyo bora zaidi. Haigromita ikipanda kupita 55, toa silika, ipashe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, irudishe ikiwa imepoa. Angalia kwanza kama kifuko ni cha plastiki, kitayeyuka.

Na hiyo Laguiole, kabla haijaingia kwenye sanduku moja na wenzake, hakikisha mpini wake si seluloidi, ile plastiki ya zamani. Seluloidi ya zamani ikianza kuoza inatoa mvuke wenye asidi, na dalili ya kwanza si mpini wenyewe bali kutu ya ghafla kwenye bapa lake na la jirani yake. Nusa: harufu ya kafuri ni ya kawaida kwa seluloidi, harufu kali ya kuwasha pua ni ya kuoza. Kama huna uhakika, ikae peke yake mahali penye hewa. Pembe halisi ina tabaka na mistari isiyojirudia, na vitundu hafifu ukilenga mwanga kwenye kitako.

Tena usiiache ijifunge yenyewe kwa nguvu ya springi. Kwenye visu vya aina hiyo makali yanaweza kugonga springi na kupata pengo, mara nyingi katikati ya bapa. Kifunge ukikisindikiza kwa mkono.

Mswahili_wa_Leicester

Kwa ndugu zetu walio Uingereza wanaosoma uzi huu na kuitamani Okapi: kumiliki nyumbani na kutembea nayo ni mambo mawili. Kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaweza kutembea nacho bila kutoa sababu, ilimradi hukitumii kutishia mtu. Kikiwa na kufuli, hata kiwe kifupi, mahakama hazikihesabu kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya sheria ya huko ya 1988 (Criminal Justice Act), na lazima uwe na sababu ya msingi. Okapi ya pete ina kufuli. Opinel namba 8 ina kufuli na bapa ni sentimita 8.5, imekosa mara mbili. Case ya 6318 haina kufuli, ila pima makali kabla. Na mkisafiri, vyote viwe kwenye begi la kuingia tumboni mwa ndege, kamwe si la mkononi.

Pete_na_Meno

Tanga, kabla hujakaza ribiti piga picha ya kichwa chake pande zote mbili na uweke hapa. Kama vichwa vyote viwili havijawahi kugongwa, ningevumilia kucheza kidogo na kuiacha ilivyo, hasa sasa kufuli linashika.

Tanga_Makali

Kimoja kina alama za nyundo za zamani, kingine kiko laini. Picha naweka kesho mchana, mwanga wa taa hauonyeshi vizuri.

Pete_na_Meno

Basi fundi alishapita hapo. Gonga upande ule ule wenye alama, ule laini ukae chini juu ya kipande cha shaba badala ya chuma, usiupate mkwaruzo.